Sisi Wajukuu wa Bwana Oto, Tusiokula Mlenda

Penina, mke mwenzangu,

Salamu naziruka. Chai ya asubuhi tumekunywa wote, wewe umeniona mzima na mimi nimekuona umenuna, basi hali zetu tunazijua. Umepanda bodaboda kwenda Majengo kutafuta begi lenye magurudumu, halafu unapitia chuoni kuaga wenzako. Nimefunga mlango, nimekalia kigoda, karatasi ziko mapajani. Mkono wangu mzito, unajua. Shule sikuingia hata siku moja ya kuchungulia dirishani. Herufi alinifundisha mama yako akiwa darasa la tatu, kwa mkaa kwenye ukuta wa jikoni, na alikuwa mwalimu mkali. Ukikuta neno limepinda, ulaumu ukuta.

Sitakuambia uvae soksi. Sitakuambia usali, wala nani usiongee naye, wala uwe unakula. Hayo mama yako amekutumia mpaka simu imepata joto. Mimi nina jambo moja tu, nalo ni hili: nataka uende kwa Marta.

Najua ulivyosema juzi ukisonga ugali. "Bibi, siendi. Nikifika huko Marekani nitasoma, nitapika, nitalala. Wale watu sitaki hata kuwasikia." Ukagonga mwiko kwenye sufuria kwa hasira, ugali ukaruka ukaniangukia mguuni. Sikukujibu kwa sababu ulikuwa umeniunguza, na mtu aliyeungua hasemi la maana. Leo mguu umepoa, nakujibu.

Acha nianze mbali kidogo. Haya mambo unayajua vipande vipande, kama mtu aliyesikia hadithi akiwa anasinzia.

Wajerumani walipopitisha reli huku kwetu, bibi yangu, mama wa baba yangu, alikuwa msichana. Alikuwa akipeleka maziwa kwa watu wa reli kule Gulwe. Bwana Oto alikuwa fundi wa madaraja. Kama alimpenda bibi yangu, au alimchukua tu kwa kuwa hakuna wa kumkataza, sijui. Sikuuliza. Nimekaa na yule mwanamke miaka yote ya utoto wangu, nimemchana nywele, nimemkanda miguu, na sikuuliza. Nilidhani kumuuliza mtu mzima habari kama hizo ni utovu wa adabu. Leo nikikumbuka najiona mjinga. Alikuwa hapo hapo, kinywa anacho, na mimi nasubiri sijui nini.

Vita ikaja, Wajerumani wakashindwa, Bwana Oto akakamatwa na Waingereza na kuondoshwa. Bibi yangu akabaki na mtoto mweupe. Ndiye baba yangu, mzee Chilongani. Akalelewa kwa wajomba zake, na hawakumtesa, nisiwasingizie. Shida yake ilikuwa nyingine.

Kwetu Wagogo mtoto ni wa ukoo wa baba yake, na kila ukoo una mzilo wake, kile kitu ambacho watu wake hawakili. Hawa hawali pundamilia, wale hawali maini, wengine ndege fulani. Ukikutana na Mgogo usiyemjua, kabla hujamjua jina utamjua mzilo, na hapo ndipo utajua kama ni ndugu yako, kama anaweza kukuoa, kama akifa unyoe nywele. Sasa mtoto wa Mjerumani mzilo wake nini?

Watoto wenzake machungani walikuwa na mchezo wa kutajiana mizilo. Zamu yake ilipofika, wakamjibia wao: "Huyu mzilo wake reli! Huyu hali reli!" Wakacheka mpaka ng'ombe wakaingia shamba la watu.

Akarudi nyumbani analia. Bibi yangu alikuwa anapuliza moto.

"Mama, kwetu hatuli nini?"

Akapuliza. Akapuliza tena.

"Kwenu hamli mlenda."

"Nani kasema?"

"Baba yako alipouonja aliutema. Basi, kwenu hamli mlenda. Nenda kawaambie."

Akaenda akawaambia, na kuanzia siku hiyo akawa mtu mwenye ukoo. Lakini Penina, mlenda! Angesema nyama ya twiga tungeishi kwa raha. Mgogo aliyenyimwa mlenda anakula ugali na nini? Na machozi yake? Baba yangu alikua akila ugali mkavu na maziwa, na maziwa yasipokuwepo, na chumvi. Njaa ikaja, watu wanachimba majani popote, yeye hali mlenda. Alipokwenda Kongwa kuendesha matrekta ya Waingereza kwenye ule mradi wao wa karanga, wenzake wakipika chungu kimoja, yeye anakaa pembeni anatafuna karanga mbichi. Waingereza wakamwona anakula karanga zao za mbegu, wakadhani mwizi. Alikuwa anatunza heshima ya baba yake.

Siku wazee wa babu yako walipokuja kunichumbia, nilikuwa nyuma ya ukuta nasikiliza kila neno. Mjomba wa babu yako alikuwa mzee mwenye mdomo. Akaanza:

"Mzee Chilongani, binti tumempenda, ng'ombe tunao. Ila ukoo wenu tunasikia hauna mkia wala kichwa. Tuambieni mzilo wenu."

"Mlenda," baba akasema.

"Mlenda upi?"

"Kwani kuna milenda mingapi?"

"Haa! Hata mbuzi wangu wanakula mlenda."

"Ndiyo maana mimi sili. Nikila nitawaita mbuzi wako shemeji."

Nyumba nzima ikaangua kicheko, yule mzee mwenyewe akacheka mpaka akakohoa, na uchumba ukapita. Mimi kule nyuma ya ukuta nikavimba kichwa. Niliona baba yangu amewashinda wenye koo zao kwa jambo moja tu, kulishikilia lake bila kutetereka. Nikaapa na mimi nitalishikilia.

Hapo ndipo nilipokosea. Kwa haki yetu, watoto niliowazaa ni wa ukoo wa babu yako, mzilo wangu hauwahusu hata kidogo. Babu yako alinieleza kwa upole, "Mke wangu, hawa watoto ni wa kwetu, waache wale mlenda." Nikamwambia ukoo ni wako, jiko ni langu. Akaniachia, alikuwa mtu mpole, na mlenda haukuingia kwenye nyumba hii ya Chang'ombe.

Mama yako alikuwa na miaka kama tisa. Nilimkuta kwa jirani yetu Mama Husna, amekaa na watoto wa kule kwenye mkeka, anachovya ugali kwenye mlenda, unavutika mpaka kidevuni. Alikuwa anacheka. Nilichukua upekecho wa Mama Husna mwenyewe, ule mti aliopekechea mlenda, nikamchapa nao mtoto mbele ya watu. Mama Husna akasema, "Dada, ni chakula tu." Nikamwambia haelewi. Kweli hakuelewa. Mimi mwenyewe sikuwa naelewa.

Mama yako hakulia. Lakini tangu siku hiyo alijifunza kunificha vitu. Alianza na mlenda, aliendelea na mengine. Alipokuwa na mimba yako nilikuwa wa mwisho kujua mtaa mzima. Niliambiwa na muuza mkaa. Nimejiuliza mara nyingi mlango ule ulifungwa lini, na kila mara najikuta nimesimama pale kwenye mkeka wa Mama Husna.

Sasa tuje kwa hao wa Marekani.

Yule rafiki yako mwalimu Mmarekani alipokupa kichupa utemee mate, mimi nilisema ni uchawi. Ulinicheka. Miezi ikapita, siku moja ukaja mbio kutoka chumbani, "Bibi, tumepata ndugu!" Nikasema ndugu tunao wengi na wote wanataka nauli. Ukasema, "Hapana bibi, wa Bwana Oto."

Nilikaa chini. Maisha yangu yote Bwana Oto alikuwa mtu wa kutema mlenda na kuondoka. Sikuwahi kumfikiria anafika mahali, anavua viatu, anazeeka. Kumbe alirudi kwao, akakuta njaa, akaoa, akapanda meli na mke na mtoto mchanga, akashukia Texas. Akawa fundi wa madaraja tena huko. Yule mtoto mchanga, Hermani, ndiye baba wa Marta na wa Dani.

Marta nilimpenda kwa sababu ya kazi yake. Tangu alipostaafu anawatafuta watoto wa Bwana Oto mmoja mmoja, walivyotawanyika kwenye lile linchi lao. Anaandika, anapiga simu, anabisha hodi. Uliponionyesha kwenye kioo cha simu ukuta wa chumba chake, kule kwenye nyumba ya wazee alikowekwa, niliona picha na nyuzi zimesambaa kama utando wa buibui. Akawa anatuonyesha kwa fimbo yake. Huyu alichimba mafuta. Huyu alikwenda kupigana na Wajerumani na akafa huko huko kwa babu zake. Huyu mhubiri. Huyu alifungwa, na Marta hakumtoa ukutani. Huyu ana ng'ombe. Nikakwambia, "Muulize wangapi," akasema wengi hata idadi yao haijui, nikasema basi huyo hakuna haja ya kupima mate, ni wa kwetu.

Tena nilikuwa naishika ile nasaba haraka kuliko wewe uliyesoma, maana ndiyo mazungumzo yetu ya kila msiba. Marta amenizidi kwa kuzaliwa, lakini baba yangu alimtangulia baba yake. Kwa hiyo mimi ni wa nyumba kubwa na yeye wa nyumba ndogo. Nikakwambia umtafsirie kwamba anipe shikamoo. Ulikataa kwa aibu, nikakukazia macho, ukamfundisha, na yule mama wa watu na mvi zake akainamisha kichwa akasema, "Shikamoo." Nikamwitikia marahaba na machozi yakanitoka kama mtoto.

Ndipo ile sauti ya mwanaume ikasema kitu nyuma yake. Wewe ukakunja uso.

"Anasemaje?" nikakuuliza.

"Anasalimia, bibi."

Salamu gani inamkunja mtu uso namna ile? Marta naye aligeuka akamwambia neno kali, kisha akafanya kama anatafuta miwani. Miwani ilikuwa machoni. Uliponitapikia ukweli siku za baadaye hukunishangaza. Huyo alikuwa Dani, mdogo wake. Alisema hawa wanatafuta mlango wa kuingilia Marekani. Na kwamba babu yake alikuwa mtu wa kanisa, asingezaa na, halafu akasema neno ambalo umekataa kunitafsiria mpaka leo. Sawa, usinitafsirie. Nimeishi na Waingereza, nimeishi na wakubwa wa ofisi, maneno ya namna hiyo nayajua kwa sura.

Na wewe mlango wa Marekani umeufungua mwenyewe kwa kichwa chako, kwa kusoma hata umeme ukikatika. Ndiyo maana liliuma. Kama lingekuwa kweli lisingekuuma hivyo.

Lakini kuna siku nyingine, na hiyo ndiyo inayonifanya niandike. Mlikuwa mnaongea wewe na Marta, mimi nachambua mchele. Ukamuuliza tu, kwa udadisi, babu yake alikuwa mtu wa namna gani. Akasema mkimya. Habari za Afrika hakusimulia hata mara moja. Kanisani, kazini, bustanini. Kisha akacheka, akasema alikuwa na tabia moja ya ajabu, ya bamia.

Watu wa kule bamia wanaikaanga. Bwana Oto alikuwa anaichemsha mpaka inavutika, anaiponda na karanga, anasonga unga wa mahindi mpaka ugumu, halafu anakaa kwenye ngazi za nyuma ya nyumba anakula kwa mkono. Mke wake hakuruhusu chakula kile kiingie mezani. Watoto walimkimbia kwa aibu. Marta peke yake, kamtoto, alikuwa anakwenda kukaa naye, na babu anamkatia tonge, anamwonyesha jinsi ya kukata uzi wa mlenda kwa kidole usimchafue kidevu.

Ulinitafsiria huku unacheka. "Bibi! Kumbe mzilo wetu ni uongo! Babu alikuwa anakula mlenda mpaka Marekani!"

Nilikuambia nakwenda chooni. Sikwenda chooni. Nilikwenda kukaa nyuma ya nyumba.

Nilimkumbuka bibi yangu. Alipozeeka tuliishi naye. Jioni, mlenda wa majirani ukianza kunukia, alikuwa anainuka, anazunguka nyuma ya nyumba yetu ya tembe, anakaa huko mpaka watu wamalize kula. Sisi tulisema, tazama bibi anavyoheshimu mzilo. Lakini Penina, ule haukuwa mzilo wake! Yeye alikuwa na wa kwao, wa baba yake, na hakuna aliyemlazimisha kubeba na wa mwanaume asiyemuoa. Mlenda alikuwa huru kuula. Alikuwa anakimbia harufu.

Sasa nadhani yule mtu alikuwa anakula mlenda wa bibi yangu. Alikula naye, na alifundishwa na yeye kuukata kwa kidole. Na alipoondoshwa, bibi hakuweza tena kuupika. Mtoto alipomjia analia anataka mzilo, alitazama kilichokuwa kinamuuma akampa hicho. Ile habari ya kutema aliitunga pale pale, akipuliza moto.

Huenda nakosea. Huenda alikuwa anaukimbia kwa chuki, kwa sababu unamkumbusha mtu aliyemwonea. Siwezi kujua. Bibi amekufa, baba amekufa akiwa hajaonja mlenda mdomoni mwake, na mimi nimewanyima watoto wangu chakula cha kwao kwa ajili ya jambo ambalo sikuliuliza. Nilimpigia mama yako jioni ile, nikamweleza yote. Akasema, "Mama, kwa hiyo zile fimbo nimrudishie nani?" Tukacheka wote. Nikamwambia, "Nisamehe, mwanangu." Akasema, "Ongea kwa sauti mama, kuna pikipiki inapita." Nikarudia kwa sauti. Nadhani alinisikia mara ya kwanza.

Sasa unaelewa kwa nini nataka uende? Kwenye dunia hii yote amebaki mtu mmoja aliyekaa na Bwana Oto kwenye zile ngazi. Mmoja tu. Na moyo wake umechoka, mwenyewe amekwambia daktari hataki apande hata ngazi ya kitanda. Kuna maswali ambayo simu haiyawezi. Mtu akiulizwa kwa simu anajibu. Ukikaa naye kutwa nzima, ukamkanda miguu, anakumbuka. Mimi nafasi hiyo niliipata kwa bibi yangu nikaichezea. Wewe imekuangukia, na iko mwendo wa basi kutoka hicho chuo chako cha Marekani.

Sikutumi ukadai kubandikwa ukutani. Marta akitubandika sawa, ndugu zake wakitubandua tutaendelea kuitwa watoto wa mzee Chilongani hapa hapa Dodoma, na watu watatusalimia. Sikutumi ukapendwe pia. Wengine watakupenda, wengine watakuangalia kama mtu aliyekuja kuuza kitu. Nenda kamsikilize mama mmoja mzee.

Na Dani? Hasira yako usiimeze, itakuvimbisha. Nenda nayo. Ila nimelifikiria hili nikaona wewe na mimi tulilitazama vibaya. Dani ni mjukuu wa Bwana Oto kama mimi, kwa hiyo ni kaka yangu. Kaka yangu kwako ni nani? Ni babu. Na babu na mjukuu kwetu ni utani mtupu! Ana haki ya kukuita mke wake, kukuambia mchafu, mvivu, umekuja kumlia mali. Na wewe una haki ya kumwambia mzee ananuka, meno hana, ataoa nani. Masikini, ameanza utani bila kujua ni utani, na wewe mjukuu umekimbia kwenda kununa jikoni. Mtu asiyejibu utani wa babu yake kwetu tunamwonaje?

Basi ukimkuta kwa Marta, akikufungulia mlango wa chumba, akikunja uso, usimwamkie. Mtazame juu mpaka chini, umwambie kwa Kiingereza chako kizuri, "Mume wangu, kumbe umezeeka hivi? Ningejua nisingekuja." Kisha mpite, ingia ndani. Kama ana damu yetu atacheka. Asipocheka, basi umeshapita.

Nilitaka kuishia hapo. Lakini kuna jambo limetokea mchana huu na sitaki uligundue mwenyewe ukadhani bibi yako ni mwizi wa simu.

Simu yako umeiacha kwenye chaji ukachukua hii yangu ya tochi. Nimekuwa nikiitazama ile picha ya Marta pale kwenye kioo. Nikaigusa. Ikaita. Nikataka kuizima, sikujua pa kuzimia, na kabla sijaifunika na kanga, Marta akatokea. Kwao kulikuwa asubuhi, nywele hajachana. Akaniona peke yangu. Akaangalia kulia na kushoto kwangu akikutafuta wewe.

"Penina?" akasema.

"Hayupo," nikasema. "Kaenda Majengo."

Akatikisa kichwa kama aliyeelewa. Tukabaki tunatazamana. Mzee na mzee. Pua yake, Penina, ni ya baba yangu. Nikaanza kuongea. Kiswahili kikaniishia, nikaendelea kwa Kigogo. Nilimwambia utakuja. Kisha nikamwambia unaweza usije, kwa sababu umeumizwa, na kwamba wewe si mtoto wa kusukumwa, nimekulea mimi. Nilimwambia asikae anakusubiri mlangoni. Ameitikia kila nilipopumzika, kama watu wanavyoitikiana msibani.

Nilipomaliza, akaanza yeye. Aliongea taratibu, kwa muda mrefu, hakucheka hata mara moja. Mahali pamoja alifumba macho. Alisema jina la Oto, halafu jina jingine, na hilo jingine lilikuwa la kwetu, Penina, jina la mwanamke wa Kigogo. Alilitamka vibaya lakini nililisikia. Ni jina la bibi yangu. Mimi sijawahi kumtajia, na wewe hulijui, kwa kuwa hapa nyumbani tulimwita bibi tu mpaka tukamzika. Nikakishika kioo nikamwambia rudia, rudia. Akadhani nalia kwa kuagana, akabusu kidole chake akakiweka kwenye kioo, akakata.

Sijui lile jina alilipata wapi. Sijui yale mengine marefu aliyosema ni yapi. Siyawezi kwa simu, na siwezi kumtuma mtu mwingine.

Nenda ukaniulizie.

Ni mimi bibi yako, mke mwenzako, ambaye begi hilo la magurudumu atalisukuma mwenyewe kesho mpaka stendi, na usibishane naye mbele za watu.